Gari Linapokataa Kurudi Nyuma

Umeweka rivasi, unatoka getini taratibu. Mlio unaanza, skrini inawaka rangi ya chungwa, na kabla hujajua tatizo liko wapi gari linafunga breki lenyewe kwa kishindo. Abiria wanauliza umegonga nini. Unashuka, unazunguka nyuma, unakuta majani marefu yaliyoota kando ya ukuta. Hakuna kingine.

Anayeendesha gari la miaka ya karibuni anaijua hasira hiyo, na ni hasira ya haki. Hata hivyo naona wengi wetu tunakilaumu kifaa kisichostahili. Breki ya kujifunga yenyewe, ambayo ndiyo inatuudhi kuliko yote, ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko yote. Milio tunayoivumilia ndiyo inayotuharibu.

Tuanze na sababu ya vifaa hivi kuwepo. Mwaka 2002, New York, mtoto wa miaka miwili, Cameron Gulbransen, aligongwa na baba yake mzazi aliyekuwa akirudisha gari nyumbani kwao. Sheria yenye jina la mtoto huyo ilitiwa saini Marekani mwaka 2008, na tangu Mei 2018 kila gari dogo jipya linalouzwa huko lazima liwe na kamera ya nyuma. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, NHTSA, ilikadiria wakati ikiandaa kanuni kwamba watu wapatao 210 walikuwa wakifa kila mwaka kwa kugongwa na magari yanayorudi nyuma, na 15,000 wakijeruhiwa. Asilimia 31 ya waliokufa walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano, asilimia 26 wazee wa miaka 70 na zaidi. Yaani wale wafupi wasioonekana kwenye kioo, na wale wasioweza kuruka pembeni. Japani nayo ilianza kulazimisha kamera au sensa (vifaa vya kuhisi kilichopo) za nyuma kwa aina mpya za magari mwaka 2022, na Umoja wa Ulaya umefikisha masharti ya namna hiyo kwa magari yote mapya tangu Julai 2024.

Je, vinasaidia? Taasisi ya IIHS, inayogharamiwa na kampuni za bima za Marekani, ilipima. Kamera peke yake ilipunguza ajali za kurudi nyuma zilizoripotiwa polisi kwa asilimia 17. Tahadhari ya magari yanayokatiza nyuma yako, asilimia 22. Gari lenye kamera, sensa na breki ya kujifunga kwa pamoja, asilimia 78. Tofauti hiyo si ndogo, na sababu yake haihitaji utaalamu: kamera inangoja utazame, mlio unangoja usikie na uamini, na mguu wako nao unachukua muda wake kufika kwenye breki. Mashine haingoji.

Sasa twende upande wa pili, ambao kwetu una uzito wa pekee. Takwimu hizo zimetoka Marekani, nchi ya maegesho ya lami yenye mistari. Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo yanayoshushwa Mombasa leo yanakuja na sensa hizi kwa wingi, tena yamefundishwa maisha ya mtaa mwingine kabisa. Sensa za bampa ya nyuma hurusha mawimbi ya sauti tusiyoyasikia na kupima mwangwi unaorudi. Mwangwi hauna jina. Ukirudi nyuma kutoka njia ya vumbi iliyo chini kupanda ukingo wa lami, ardhi yenyewe inaonekana kama ukuta. Tope lililokauka juu ya sensa, mvua ya masika, matawi ya ua, vyote ni kikwazo. Na bampa iliyowahi kugongwa, ikapigwa putty na rangi nzito huku sensa ikirudishwa imepinda kidogo, haiwezi kupima vizuri tena, hata fundi awe hodari namna gani wa rangi.

Juu ya hayo kuna lugha. Maandishi ya skrini ni ya Kijapani na sauti ya kike inazungumza Kijapani. Dereva hajui kama ameambiwa "safisha sensa" au "kuna mtu nyuma".

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi ya breki hii, kwangu, ni mahali inapokuachia. Unatoka uani kurudi barabarani, nusu ya gari tayari iko kwenye lami, bodaboda anapita nyuma yako kwa karibu kama kawaida yao, gari linafunga breki. Bodaboda kaenda zake. Wewe umebaki umekatiza njia, daladala linakuja kwa kasi, na huelewi kwa nini gari haliendi. Hapo kifaa cha usalama kimekuweka hatarini, na mhandisi aliyekipanga hakuwahi kuiona barabara hiyo.

Iko pia kero ya mlango. Madereva wengi waliojifunzia kwenye pikapu na malori hurudi nyuma mlango wazi, kichwa nje, macho kwenye tairi la nyuma na ukingo wa mtaro. Baadhi ya magari yenye gia ya umeme yakihisi mlango wa dereva umefunguka na mkanda haujafungwa, huingia P, gia ya kuegesha, yenyewe. Lengo ni kumzuia anayeshuka akidhani gari limeshaegeshwa. Pale penye mtaro usio na mfuniko na kamera iliyojaa vumbi, nasimama upande wa dereva: jicho lake linaona vizuri kuliko skrini.

Lakini tazama tunachofanya na kero hizi. Tunazima kila kitu. Kwenye baadhi ya magari ukizima leo, kesho ukiwasha mfumo umerudi, kwa hiyo anatafutwa fundi umeme akate waya. Naye hachagui: mlio unaondoka, na breki inaondoka nao. Utingo anayepiga kelele "simama!" kwa kila jani angeshaambiwa apande ndani anyamaze, na siku kuna mtoto nyuma hakuna wa kuita.

Na mtoto yupo. Nyumba zetu nyingi hazina mpaka kati ya pa kuegesha na pa kuchezea. Watoto wanachuchumaa kivulini mwa gari kwa sababu ndipo penye kivuli. Kwa hesabu hiyo, breki ya bure kumi kwa wiki ni bei ninayokubali kulipa, chai ikimwagika na imwagike.

Wala nisieleweke kwamba inatosha. Vitabu vya magari vyenyewe, kwenye zile kurasa ambazo hakuna anayezisoma, vinaonya kuwa vitambaa na vitu laini humeza mawimbi, kwamba vitu vifupi na vyembamba vinaweza kukosa kuonekana, na kwamba hata mtu anaweza asitambuliwe kutegemea nguo aliyovaa. Mtoto mdogo aliyejifunika kanga ana sifa hizo zote. Tena kwenye mifumo mingi breki ikijifunga hushikilia sekunde chache tu kisha inaachia, ikitarajia wewe ukanyage. Kwa hiyo kuzunguka gari kabla ya kuwasha, na kuhesabu watoto waliopo, kunabaki kazi ya mtu.

Watengenezaji nawadai mambo mawili. Watenganishe vitufe. Nipewe nafasi ya kunyamazisha mlio bila kugusa breki, na gari likisimama lionyeshe kwenye skrini ni upande gani limeona kitu. Waingizaji wa magari wabadilishe lugha pale inapowezekana, na pasipowezekana wampe mteja karatasi ya Kiswahili yenye maana ya kila onyo, pamoja na njia ya kuzima breki hiyo gari linapohitaji kuondoka haraka barabarani. KEBS na TBS, mashirika ya viwango ya Kenya na Tanzania, ambazo tayari zina utaratibu wa ukaguzi wa magari yaliyotumika, zifanye sensa na kamera za nyuma kuwa sehemu ya ukaguzi huo kama zilivyo taa na breki za kawaida. Na fundi akiletewa gari la kukatwa waya, kwanza aoshe bampa na kuangalia sensa iliyopinda. Mara nyingi kero yote iko hapo.