Dizeli iliyotembea kilomita laki tatu: mali au mzigo kwa mkulima wa Mtwara?

Fedha za korosho zinapoanza kuingia kwenye akaunti, wakulima wengi wa Mtwara na Lindi huanza kuulizia magari, na ubishi hurudi palepale: Land Cruiser ya dizeli iliyokwisha kutembea kilomita 350,000 inafaa kununuliwa?

Wanaoitetea wana hoja nzito. Injini ya 1HZ, yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, ambayo tangu mwaka 1990 imebeba Land Cruiser nyingi tunazoziita mkonga, haina tabo (kifaa cha kusukuma hewa ya ziada kwenye injini), na pampu yake ya mafuta ni ya kimakanika, kiasi kwamba fundi mzoefu wa Masasi anaihudumia bila kompyuta. Ikibadilishiwa oili kwa wakati, kilomita hizo si mwisho wake. Anayeingia kwenye mchanga wa mashamba ya Tandahimba kubeba magunia hawezi kuambiwa atumie gari dogo.

Hata hivyo, injini si gari zima. Wakati injini ingali na nguvu, difu (gia za kwenye ekseli), bushi (mipira ya maungio) na rejeta (kipoza injini) huwa zimechoka, na gari lililolala miaka mingi karibu na bahari huliwa na kutu kwenye chesesi, mahali ambapo rangi mpya haifiki. Spea nyingi hutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Mei 2024, mvua zilipoikata barabara ya kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, aliyeharibikiwa na gari huku Kusini hakuwa na la kufanya ila kusubiri.

Linalonisumbua zaidi ni namba yenyewe ya kilomita, ambayo muuzaji anaweza kuirudisha nyuma. Msimu uliopita nilimsindikiza mjomba kutazama Prado yenye injini ya 1KZ, ambayo dashibodi yake ilisoma kilomita 148,000, ilhali mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika hadi chuma kinaonekana. Tulikuwa tumeomba tulikute gari halijawashwa, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha kasoro za kuwaka, lakini tulipofika saa moja asubuhi boneti ilikuwa ya moto. Fundi wetu akafungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, na moshi ukatoka kwa mapigo, ishara ya ringi za pistoni zilizolegea. Kwa kuwa silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) ya 1KZ hupasuka kwa urahisi injini ikichemsha, na rejeta ilikuwa na alama za kuvuja, mjomba alirudi na fedha zake.

Kwa hiyo naona kilomita 350,000 zenye daftari la matengenezo ni salama kuliko 150,000 zisizo na ushahidi, hasa kwa injini mpya zaidi za dizeli za Toyota ziitwazo D-4D, ambazo nozeli zake (vipulizia mafuta) hazivumilii dizeli chafu ya kwenye madumu. Mwenye safari za lami tu, kati ya Mtwara na Lindi, sioni sababu ya yeye kubeba gharama hizi. Mwenye shamba anunue, ila atenge mapema fedha za mkanda wa taimingi, ambao kwenye 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000, maana ukikatika, valvu hugongana na pistoni.

Mjomba sasa amepata habari za mkonga moja lenye kilomita 372,000 na daftari lake. Safari hii tutalala jirani na mwenye gari, tulifikie alfajiri kabla halijawashwa.