Himaya ya Owen Mombasa, 1824: nani alimtumia nani?

Kapteni William Fitzwilliam Owen alipoingia bandari ya Mombasa na manowari Leven mwezi Februari 1824, alikuta bendera ya Uingereza inapepea juu ya Ngome ya Yesu, na si yeye aliyeipandisha. Akina Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, ambao wakati huo walikuwa wamezingirwa na merikebu za Sayyid Said bin Sultan wa Oman, walikuwa wameishona wenyewe na kuitundika, ingawa Kapteni Vidal wa manowari Barracouta, aliyepita Desemba iliyotangulia, alikuwa amekataa kuwaahidi ulinzi. Bendera hiyo ya kushonwa mjini ndiyo inayonifanya nisite kila ninapoona himaya ya 1824 hadi 1826, yaani ulinzi wa Uingereza ambao Owen aliuweka juu ya Mombasa, ikielezwa kama kazi ya Mwingereza mmoja aliyeuchukia utumwa.

Hata hivyo, wanaomtetea Owen hawakosi hoja. Mkataba aliousimamia Kapteni Moresby mwaka 1822 ulimzuia Sayyid Said kuwauzia watumwa mataifa ya Kikristo tu. Majahazi yaliyowapeleka watu Arabuni na Ghuba hayakuguswa. Owen aliuona huo kuwa dawa ya nusu kidonda. Alipotia saini mkataba wa himaya na liwali wa Mombasa, Sulaiman bin Ali wa akina Mazrui, alipata sharti ambalo Maskati, makao ya Sayyid Said, haikuwa imelikubali: biashara ya watumwa ikomeshwe kabisa Mombasa. Wakati wa himaya, baadhi ya watumwa walionaswa majini waliachwa huru na kupewa makazi ng'ambo ya kisiwa, mahali panapoitwa hadi leo English Point. Kwa watu hao mjadala kuhusu nia ya Owen haukuwa na maana kubwa.

Udhaifu wa Owen uko kwingine. Owen alitumwa kupima pwani na kuchora ramani, hakutumwa kutwaa miji, na serikali ya Waingereza ya Bombay, India, ilikuwa imeshayakataa maombi ya akina Mazrui. Kwa Waingereza wa India, Sayyid Said alikuwa rafiki wa kuhifadhiwa: baba yake alifunga nao mkataba mwaka 1798 dhidi ya Wafaransa, naye mwenyewe aliwasaidia katika vita vya Ghuba vya 1819 na 1820. Owen aliyajua haya, kwa maana alikuwa ametoka Maskati na kuonana naye ana kwa ana. Kisha akaahidi kuwarudishia akina Mazrui milki zao za zamani, ikiwemo Pemba, akaondoka na kuacha kikundi kidogo kikiongozwa na Luteni John James Reitz, kijana aliyekufa kwa homa mwezi Mei mwaka huohuo, akirejea kutoka Pangani. Jina lake limebaki katika hori ya Port Reitz, Mombasa. Ahadi kubwa kiasi hicho, bila askari wala idhini, kwangu ni kosa zito kuliko tamaa ya sifa ambayo wengi humlaumu nayo.

Akina Mazrui nao huonekana ama wahanga ama walaghai, na sioni kwamba lolote kati ya hayo linatosha. Pemba ndiyo iliyoilisha Mombasa mchele, na kupotea kwake mikononi mwa Oman kulikuwa kidonda cha kila siku, si suala la heshima tu. Walikubali kugawana nusu kwa nusu ushuru wa forodha, na kukomesha biashara waliyoitegemea, ili wapate kisiwa hicho. Merikebu za Oman ziliondoka, na hiyo ilikuwa faida kweli, lakini Pemba haikurudi. Ndiyo maana Luteni James Emery, aliyeshika nafasi ya Reitz baadaye, alijikuta akizidi kunung'unikiwa na wenyeji wake. Mtu anaweza kusema kwamba hawakuwa na nia ya dhati kuhusu utumwa, na huenda ni kweli. Ila mwenzao katika mapatano naye hakuwa na mamlaka ya kile alichokiuza.

London ilipoikana himaya hiyo, Emery aliondoka Julai 1826. Sayyid Said hakukawia: mwaka 1828 alikuja na majeshi yake, akarudi tena na tena, na ilimchukua hadi 1837 kuwamaliza nguvu watawala wale ambao bendera yao ya kushona iliwakinga kwa miaka miwili na miezi michache.