Nyota za kwanza: majitu pweke au kundi la ndugu?

Mkulima wa Pemba hahitaji kuonyeshwa Kilimia, kile kishada cha nyota. Kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, walisema wazee, na kilimo kilipangwa hivyo. Linalotajwa kwa nadra ni kwamba nyota zile ni ndugu: zilitoka katika wingu moja la gesi, yapata miaka milioni 100 iliyopita. Je, nyota za kwanza kabisa, zilizowaka miaka milioni 100 hadi 200 baada ya Mlipuko Mkuu, nazo zilizaliwa kwa makundi, au kila moja ilikuwa jitu pekee?

Wenye kushika upande wa majitu wanaanzia kwenye joto. Wakati ule hapakuwa na kaboni wala vumbi la kupoza gesi, ila haidrojeni na heliamu. Wingu lilishuka hadi nyuzi 70 hivi chini ya sifuri, ilhali ya leo hufika 260 chini ya sifuri. Gesi yenye joto hujikusanya kwa mafungu mazito, na hesabu za kompyuta za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikatoa nyota za zaidi ya mara 100 ya uzito wa Jua.

Hesabu zile, lakini, zilikomea pale kiini kilipoanza kujibana. Zilipoendelezwa, mwaka 2011, gesi iliyozunguka kiini ikalala kama sahani, na sahani ikavunjika vipande, kila kimoja mbegu ya nyota. Vipande vingine vilirushwa nje vikiwa bado vidogo.

Hapo ndipo penye utamu. Nyota isiyofikia asilimia 80 ya uzito wa Jua huishi kupita miaka bilioni 13.8, umri wote wa ulimwengu. Basi kama zilizaliwa hata chache, ziko hai usiku huu, ndani ya galaksi yetu! Mbona hazijaonekana? Swali la haki. Ila nyota hizo ni hafifu mno, zimechanganyika na mabilioni ya nyingine, na huenda zimeokota njiani chuma, ambacho nyota za kwanza hazikuzaliwa nacho, kikazificha. (Hoja hii ya mwisho itumiwe kwa kiasi, ikizidi, hakuna kitakachoweza kuikanusha.)

Mwaka 2014 wanaanga wa Australia walitangaza nyota iitwayo SMSS J0313-6708, iliyo upande wa kusini wa anga letu. Hawakuona chuma ndani yake. Ni ya kizazi cha pili, na mzazi aliyeirithisha kaboni yake, nyota ya kizazi cha kwanza, walimkadiria kuwa mara 60 tu ya uzito wa Jua. Mkubwa, naam, lakini si jitu lile la hesabu za awali.