Waache Waimbe: Mazombi wa Krismasi Uani Chumbageni

Usiku wa tarehe 26 Desemba tulitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa uani kwa mama mkubwa, Chumbageni, hapa Tanga, tukaazima projekta, tukapanga viti vya plastiki na mikeka. Pilau lilikuwa limebaki sufuria nzima. Ukoo wetu ni mchanganyiko, wapo wanaofunga Ramadhani na wapo waliokuwa kanisani jana yake, na Krismasi ni ya wote kwa sababu chakula ni cha wote. Kazi ya kuchagua filamu nilipewa mimi. Nikachagua Anna and the Apocalypse.

Ni filamu ya Scotland ya mwaka 2017, iliyoongozwa na John McPhail kwa bajeti ndogo. Mazombi wanauvamia mji mdogo siku za kuelekea Krismasi, vijana wa sekondari wanajaribu kuwafikia ndugu zao waliokwama shuleni, na katikati ya vichwa kupasuliwa watu wanaimba. Wanaimba kweli, nyimbo nzima, na kucheza. Nitataja wanaokufa, kwa hiyo kama hujaiona na hilo litakuudhi, kaitazame kwanza. Ni kama saa moja na nusu tu.

Kwetu filamu ya Kiingereza haitazamwi kimya. Mpwa wangu ndiye mkalimani wetu, kwa mtindo ule wa vibanda umiza, vibanda vya kuonyeshea video, uliompa mtafsiri Lufufu jina nchi nzima: anakaa kando ya shuka, anatafsiri, anaongeza chumvi, anawapa mazombi majina ya majirani. Alianza vizuri sana. Kisha wimbo wa kwanza ukaingia, na kijana akakwama. Wimbo unautafsirije? Uani kelele zikaanza. "Horror gani hii inaimbwa?" "Toa, weka ya maana!" Binamu yangu, ambaye katika familia nzima hakuna amzidiye kwa kutazama filamu, akasema damu ile ni rangi, hata mtoto anaona, na kichwa kile ni cha mpira.

Mama mkubwa akasema, "Waache waimbe."

Nimezifikiria sana kelele zile, kwa sababu hata huko kwingine filamu hii haikupokelewa kwa moyo mmoja. Wakosoaji wengi waliipenda, lakini watu hawakujaa kwenye majumba ya sinema, na kati ya walioiona wapo walioona kwamba haitishi kiasi cha kuitwa ya kutisha, wala haina furaha ya kutosha kuitwa ya Krismasi. Naona wanapima kitambaa kwa kibaba. Hofu iliyomo humu ni ya kuachana kabla hamjaagana, na hofu hiyo haihitaji meno ya gharama.

Anna anakaribia kumaliza shule na anataka kwenda kuzurura duniani, Australia kwanza. Mama yake alishafariki. Baba yake ni mtunza majengo wa shule ileile anayosoma, na habari ya safari anaisikia kwa bahati mbaya, ndani ya gari, kwa sababu rafiki wa binti yake kaponyokwa na neno. Wanagombana. Wanaachana na hasira, kila mtu na njia yake, na usiku huo dunia inaisha. Sehemu yote inayobaki ni binti anayekatiza mji uliokufa ili akamalizie mazungumzo na baba yake. Mazombi ni kama mvua ya masika katika hadithi ya mtu anayewahi mazishi: wanamchelewesha.

Sisi wa Tanga tulipaswa kuielewa kuliko mtu yeyote. Filamu ilipigwa Port Glasgow, mji wa bandari uliojulikana kwa kuunda meli, kabla kazi hiyo haijapungua na watu kuanza kutafuta maisha kwingine. Kwani hapa vipi? Mkonge uliingia mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Kutokana na hiyo 62 mashamba yakaenea mpaka mwaka 1964 nchi ikazalisha takriban tani 230,000, na Tanga ndiyo ilikuwa kitovu. Kisha soko likaanguka, nyuzi za plastiki zikachukua nafasi, mashamba yakaingia msitu, viwanda vikafunga milango. Leo kila nyumba ninayoijua ina mtu ambaye "yuko Dar". Watu wanatuita waja leo waondoka leo. Anayeondoka ndiye hadithi yetu.

Sasa turudi kwenye umaskini wa bajeti, maana binamu yangu hajanyamaza mpaka leo. Kuna kipande Anna anatoka nyumbani asubuhi, hedifoni masikioni, anaimba kwamba leo anayabadilisha maisha yake. Nyuma yake mtaa mzima unaliwa. Jirani anakimbia na damu, gari limepinduka, mtu anamng'ata mwenzake kwenye bustani, na binti anarukaruka mbele na uso unaong'aa. Kipande hicho kimejengwa kwa kamera inayomfuata msichana mmoja, na waigizaji wa pembeni wanaojua lini wapite. Uani watu walicheka mpaka mtu akamwaga chai. Kisha anafika kwenye uwanja wa michezo ya watoto, anakutana na zombi aliyevaa vazi la mtu wa theluji, na kinachomwokoa ni ule ubao wa watoto wa kupanda na kushuka: shingo iko upande mmoja, uzito wa Anna unashuka upande wa pili. Kichwa cha mpira, ndiyo. Lakini aliyewaza ubao ule alitumia akili mahali ambapo mwenye hela angetumia kompyuta.

Na si jambo jipya. Mwaka 1968 George Romero alitoa Night of the Living Dead, iliyopigwa kwa dola kama 114,000, nyeusi na nyeupe, na damu yake ilikuwa sharubati ya chokoleti. Kila zombi tunayemjua leo katoka kwenye sharubati ile. Hapa kwetu Mussa Banzi alitupa filamu za kutisha, Nsyuka mwaka 2003 na Shumileta mwaka 2005. Nilizitazama kwenye kibanda kimoja Ngamiani, barabara ya 12, benchi moja watu saba. Vijana waliyacheka majini kwa sauti, na vijana haohao baada ya filamu hakuna aliyetaka kupita peke yake kwenye kichochoro cha nyuma. Nilikuwa mmoja wao. Toka siku ile siamini kicheko cha mtazamaji kama ushahidi kwamba filamu haikumgusa.

Wimbi liligeuka kwa John. John ni rafiki wa Anna, anampenda na hajui kusema, kavaa sweta la Krismasi. Wakipenya katikati ya miti ya Krismasi iliyopangwa kuuzwa, anaumwa. Hakuna daktari, hakuna dawa, na yeye anajua. Anabaki nyuma, anawavuta mazombi wamfuate yeye ili wenzake wapite. Upepo wa kaskazi ulikuwa unalitikisa shuka letu, na uso wa John ukawa unajikunja na kujikunjua juu ya ukuta. Nikatazama kando. Mkalimani alikuwa hatafsiri kitu. Binamu alikuwa ameshika bakuli la pilau mkononi na kijiko kimesimama.

"Mtu wa filamu akiimba nawe saa nzima," mama mkubwa akasema, hakumwambia mtu maalumu, "ukimkosa unamjua."

Yeye alikulia kwenye filamu za Kihindi pale Majestic, enzi ambazo familia nzima ilijipamba kwenda sinema, na katika filamu zile mtu hafi hivihivi, huimba kwanza. Alikulia pia kwenye taarabu ya Black Star na Lucky Star, ambako huzuni ilivalishwa vinanda ikakaa sebuleni kama mgeni wa heshima. Kwake wimbo ndani ya kifo haukuwa kituko. Wimbo ndio muda wa kuagana ambao meno ya zombi yanauiba. Vijana wetu, waliozaliwa kwenye mji wa taarabu, wamejifunza kwa filamu za siku hizi kwamba kutisha ni kelele ya ghafla na giza, na wanaona aibu kwa niaba ya mtu anayeimba. Hilo linaniuma kuliko maneno yoyote kuhusu damu ya rangi.

Kasoro zipo. Makamu mkuu wa shule ni mwovu wa kupitiliza, kila akitokea anakula muda. Katikati filamu inazunguka. Nyimbo mbili tatu zinafanana kiasi kwamba sikumbuki ipi ni ipi.

Lakini nilipojua habari za Ryan McHenry, nyimbo zilibadilika masikioni mwangu. Wazo lote ni lake: alitengeneza filamu fupi ya mazombi wanaoingiliwa na nyimbo, akaanza na wenzake kuikuza iwe ndefu. Saratani ilimchukua Mei 2015, akiwa na miaka 27. Wenzake wakaimaliza bila yeye. Watu waliokuwa wamemzika rafiki ndio waliopiga kipande kile cha John kati ya miti.

Nawaambia watengeneza filamu wetu wachanga, na hapa sina utani hata kidogo: kila kitu mnacho. Ndani ya ghuba kuna Toten, kisiwa ambacho Wajerumani walikipa jina la wafu, kina magofu na makaburi. Kusini kuna Tongoni, msikiti usio na paa na makaburi ya nguzo ya mji uliokuwa na watu wakaisha. Dunia iliyoisha mnaitembelea kwa bajaji. Hela zenu kidogo zipelekeni kwenye sauti, kwa sababu picha yenye giza mtu anavumilia ila maneno yasiyosikika anaondoka. Na mkitaka kuweka wimbo, wekeni.

Mwishoni Anna anamfikia baba yake, na kachelewa. Wanaagana. Kisha walionusurika watatu wanaondoka na gari, na filamu inakatika. Watu waliinuka taratibu, mikeka ikakunjwa. Binti mdogo wa mama mkubwa kapata kazi Dar, kila mtu anajua, na wiki tatu nzima mama yake alikuwa hajaligusa jambo hilo hata mara moja. Alikuwa anakusanya vikombe. Akasimama na sinia mkononi.

"Hilo basi lako," akamwambia, "linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, mama."

"Basi nitaamka saa tisa, nikukaangie maandazi."