Mkanda wa Igor

Ndugu mwandishi, kwenye makala yako umeieleza vizuri filamu ya La Promesse ya ndugu wawili Dardenne (1996), ila ule mkanda wa kiunoni umeuruka. Hamidou, kibarua kutoka Burkina Faso asiye na vibali huko Ubelgiji, anaanguka kutoka juu wakaguzi wa kazi walipotokea ghafla. Igor, kijana mdogo, anamfunga mguu kwa mkanda wake kuzuia damu. Baba yake Igor, mwajiri wa Hamidou, anakuja, anaufungua. Wakimpeleka hospitali wangeulizwa maswali, basi mtu anaachwa afe na kufukiwa kwa zege. Hapo nilisimamisha filamu nikatoka nje.

Mimi ni saidia fundi hapa Kariakoo. Mwenzetu mmoja, Mrundi asiye na karatasi, alitobolewa mguu na nondo. Msimamizi akampa elfu kumi, akamwambia asionekane tena. Tulikuwepo kumi na wawili, kila mtu akashika ndoo yake. Na mimi pia, kwa kuogopa kukosa kibarua cha kesho. Igor mwishoni anamwambia Assita, mke wa marehemu, ukweli wote wakiwa kituo cha treni. Yule Mrundi sijamwona tena. Ndara yake moja ilikaa kwenye kokoto siku tatu.