Kabla ya kuondoa vijikaratasi mnarani

Mei 2025 Waziri wa Uchukuzi wa Marekani, Sean Duffy, alitangaza kwamba mfumo mzima wa kuongozea ndege nchini mwake utajengwa upya, na kazi ikamilike kufikia 2028. Julai mwaka huohuo Bunge likapitisha dola bilioni 12.5 za kuanzia. Fedha hizo nazifurahia, zimechelewa mno. Kinachonitia hofu ni hiyo tarehe.

Wengi hushangaa wakisikia kwamba katika minara mingi ya Marekani mwongoza ndege bado anafanya kazi na karatasi. Kila ndege ina kijikaratasi chake chembamba kilichochapishwa namba ya safari, aina ya ndege na njia itakayopita, kikachomekwa kwenye kishikio cha plastiki. Anakiandika kwa kalamu, anakisogeza ubaoni kadiri ndege inavyosogea, kisha anampa mwenzake aliye meza ya pili. Na kama kuna jambo halijaisha kuhusu ndege fulani, anakivuta kijikaratasi chake kidogo nje ya mstari. Jicho likipita tu, anakumbuka. Ukimletea skrini bila kwanza kumuuliza kwa nini anafanya hivyo, umemnyang'anya kumbukumbu yake.

Mfumo unaokuja kushika nafasi hiyo unaitwa TFDM, na mimi ni miongoni mwa wanaoutaka kwa moyo wote, maana kazi yake haiishii kwenye kuondoa karatasi. Kwa mazoea ya siku zote, ndege zikiwa tayari zinatoka getini na kwenda kupanga foleni karibu na njia ya kurukia, injini zinaunguruma, mafuta yanateketea, abiria wamefunga mikanda hawajui waondoka saa ngapi. TFDM inaihesabu foleni mapema na kuiacha ndege ikae getini dakika kadhaa zaidi, injini zimezimwa, ili ikitoka iende kuruka bila kusimamasimama. NASA ilijaribu wazo hili uwanja wa Charlotte, North Carolina, kuanzia 2017 hadi 2021, na zaidi ya galoni milioni moja za mafuta zikaokolewa.

Ila kinachonivutia Charlotte ni jinsi walivyofanya. Pale, ndege zikiwa kwenye maegesho zinaongozwa na watu wa shirika la American Airlines, na mnara wa serikali unazipokea baadaye. Hesabu yoyote ya foleni inaharibika kama shirika halisemi kwa ukweli ndege yake itakuwa tayari lini. Kwa hiyo watafiti walifanya kazi bega kwa bega na watu hao, wakaanza na wimbi moja tu la safari katika siku, yaani kundi la ndege zinazoondoka kwa wakati mmoja, wakarekebisha, ndipo wakaongeza mawimbi mengine. Imani ilijengwa polepole, na ilistahili muda huo.

Marekani imeonja pia njia ya haraka. Mradi wa AAS wa miaka ya 1980 ulikuwa uondoe vijikaratasi hivihivi. Ukavunjwa 1994, na takriban dola bilioni 1.5 zikahesabiwa kuwa zimepotea bure. Ukaja ERAM, mfumo wa vituo vinavyoongoza ndege zikiwa juu angani, uliotakiwa kukamilika 2010. Ulipojaribiwa Salt Lake City, uliwahi kubandika taarifa za ndege moja kwenye ndege nyingine. Waongoza ndege walikuwa wameachwa nje wakati unaundwa. Walipoingizwa, mambo yakaanza kunyooka, na 2015 ukakamilika. Miaka mitano ya kuchelewa! TFDM yenyewe ilipangiwa viwanja 89, sasa ni 49.

(Sisi Watanzania tuliwahi kununua rada ya kampuni ya Uingereza ya BAE. Tulibishana miaka na miaka kuhusu bei na chenji, yaani fedha tulizorudishiwa, tukasahau kumuuliza anayekaa mbele yake kama inamfaa.)

Kuna jambo lingine ambalo hotuba hulipita haraka. Marekani ina upungufu wa waongoza ndege wapatao 3,000, na katika vituo vingi watu wanafanya kazi siku sita kwa wiki. Kila anayeitwa kujifunza mfumo mpya anaacha kiti ambacho mwenzake aliyechoka lazima akikalie. Ratiba ya mafunzo ipangwe kwa kuangalia idadi ya watu waliopo mnarani, hata kama mkandarasi atalazimika kusubiri.

Ningekuwa na sauti pale Washington, ningeomba waongoza ndege waliokwisha kuutumia mfumo huu Charlotte na Indianapolis walipwe wakae wiki kadhaa katika kila mnara unaofuata, na mkuu wa mnara apewe mamlaka ya kusema "bado" bila kuadhibiwa. Na 2028 ikifika huku minara fulani bado inasogeza vijikaratasi kwa mkono, iachwe iendelee navyo hadi wanaovitumia waseme wako tayari.