Mfumuko Umeshuka, Maziwa Hayana Habari

Juzi redio ilitangaza kwamba mfumuko wa bei umeshuka. Nikaruka kitini. "Mama watoto," nikasema, "kesho chukua maziwa chupa mbili, mambo yamelegea." Akanitazama vile anavyonitazama nikisema bomba nitalitengeneza mwenyewe. Kesho yake akarudi na chupa moja. Bei ile ile. Hapana, nisiseme uongo: ilikuwa imeongezeka kidogo.

Nikamwita binti yangu anayesomea uchumi, aje anieleze huu utapeli.

"Baba," akasema taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia, "mfumuko ni mwendo wa bei. Kitu cha 100 kikipanda asilimia 10, kinakuwa 110. Mwakani mfumuko ukishuka hadi asilimia 4, kinakuwa 114 na ushee. Bei bado inapanda, ila sasa inatembea, haikimbii tena."

Kwa hiyo mwizi aliyekuwa akinitembelea kila usiku sasa anakuja mara moja kwa wiki, nami natakiwa nipige vigelegele. Vyombo alivyokwisha kubeba je? Hivyo, anasema binti, tuvisahau. Ili virudi, mfumuko inabidi uwe chini ya sifuri, na hilo nalo wachumi wanaliogopa kama ukoma.

Akaona sijaelewa (nilielewa, nilikuwa nimenuna tu), akaniongezea nyingine: mfumuko ukiwa asilimia 7 kila mwaka, katika miaka 10 bei inakaribia maradufu. Nikapiga hesabu ya umri wangu. Maziwa yamejizidisha mara kadhaa tangu nizaliwe. Mimi kilichoongezeka ni kiuno.

Baba mkwe, ambaye hapitwi na mazungumzo ya pesa, akadakia na wimbo wake wa siku zote: zamani maziwa yalikuwa ya kumwaga, kwa senti mbili unaondoka na debe. Binti akamuuliza kwa adabu, "Babu, na mshahara wako ulikuwa kiasi gani?" Mzee akakumbuka ghafla kwamba ana dawa za kumeza. Kumbe bei ya zamani huwezi kuileta leo mkono mtupu, lazima uje nayo pamoja na mshahara wa zamani. Eti kwenye nchi za viwanda, mfanyakazi wa leo anaipata lita ya maziwa kwa dakika chache za kazi kuliko mwenzake wa miaka 100 iliyopita. Haya, nimekubali. Lakini huyo wa miaka 100 iliyopita hakuwa na bosi anayemtumia ujumbe saa nne usiku.

Basi angalau wangepandisha bei mchana kweupe. Juzi nimefungua kikombe cha mtindi, nikachota mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kijiko kikagonga kitako: ko! Mapema mno. Nikakigeuza. Kile kitako kimebonyezwa kwa ndani, kama tumbo la mtu aliyevuta pumzi apigwe picha. Kwa nje kikombe ni kile kile, na picha ya ng'ombe anayecheka ni ile ile. Sasa nimejua anachekea nini.

Nikasema nimlaumu ng'ombe, nikakuta naye ana kesi yake. Hatoi maziwa mpaka azae, na mimba yake ni miezi tisa kama ya mama watoto. Anakula mahindi na soya, na chakula ndicho kinachomaliza pesa ya mfugaji kuliko kitu kingine. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipopandisha nafaka, mbolea na mafuta kwa pamoja, vyote viliishia kwenye kikombe changu cha chai. Nilikuwa sijui kwamba mimi na vita hivyo tunajuana.

Siagi na jibini ndiyo usiniulize. Kilo moja ya jibini gumu inameza takriban lita 10 za maziwa. Kilo ya siagi inakwenda kwenye 20, maana mafuta ndani ya maziwa ni kama asilimia 4 tu, na karibu yote yaliyobaki ni maji. Kwa hiyo mtoto wangu anapopaka siagi kwenye mkate mithili ya fundi anayepiga lipu ukuta, mimi naona ndoo za maziwa zinapita.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba iliwahi kuzidi! Miaka ya 1970 na 1980 Ulaya walinunua siagi ya ziada wakairundika maghalani mpaka ikaitwa mlima wa siagi. Mlima! Ikabidi mwaka 1984 wawawekee wafugaji kikomo cha maziwa, na kikomo hicho kikaondolewa 2015. Mimi milima yote niliyopata kupanda ilikuwa ya mawe.

Na bei ya maziwa shambani huanguka kweli, nyakati fulani. Ikipanda, kila mfugaji anakuza mitamba. Mtamba anahitaji kama miaka miwili ndipo azae na kukamuliwa, na siku wote wanapoanza kukamua kwa pamoja, maziwa yanafurika na mfugaji analia. Hapo ndipo ningetegemea na mimi nicheke. Wapi! Bei ya dukani hupanda kama nyani na kushuka kama kinyonga. Ikipanda huko shambani, dukani wamepata habari kabla ya ng'ombe. Ikishuka, barua imepotea njiani.

Kwa hiyo nimeamua kubana matumizi. Kila usiku naweka alama kwa kalamu ya bluu ubavuni mwa chupa, usawa wa maziwa yalipofikia, na nimetangaza mbele ya familia nzima kwamba atakayeshusha usawa huo bila ruhusa atanitambua. Sasa hivi ni saa saba za usiku, nimesimama mbele ya friji, glasi mkononi, masharubu meupe. Chini kidogo ya alama yangu kuna nyingine, nyekundu, imepigwa kwa rula, na maandishi ya mama watoto: "Hapa ndipo ulipoishia jana."